Msomaji kwa Niaba

Ipo nchi moja, msiniulize iko wapi, ambayo watoto wake wanaongoza duniani kwa kusoma vitabu. Hayo si majigambo. Yapo kwenye ripoti, ripoti ina mhuri, na mhuri una picha ya mtoto anayetabasamu mbele ya kabati lililofungwa. Mwaka juzi usomaji wa watoto ulifika asilimia mia moja. Mwaka jana ukafika mia na kumi na mbili, kwa sababu wilaya mbili zenye bidii ziliwahi kusoma hata kwa niaba ya watoto ambao mama zao walikuwa bado hawajajifungua.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani watoto wa nchi hiyo walisoma wenyewe, kwa macho yao na, aibu tupu, kwa mikono yao. Walishika vitabu wakiwa wametoka kula ubuyu, wakaacha vidole vyekundu kwenye kila ukurasa wa kusisimua, hata mtu mzima akitaka kujua hadithi imenoga wapi aliangalia rangi tu. Siku wafadhili walipokuja kukagua vitabu walivyovileta, wakavikuta vimelegea na vinanuka watoto, Waziri wa Vitabu na Utunzaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliitisha kikao. Kikao kikazaa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikazaa sheria.

"Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa," Waziri aliliambia Bunge. "Humu ndani kila mmoja wetu anawakilisha maelfu ya wananchi. Tunakula kwa niaba yao, tunasafiri kwa niaba yao, na nawaona wengine hapo nyuma mnasinzia kwa niaba yao. Je, kuna mwananchi aliyewahi kulalamika kwamba usingizi huo haukumfikia? Hakuna! Sasa iweje jambo zito kama kusoma tuwaachie watoto walifanye mmoja mmoja, kiholela, bila uratibu wowote?"

Wabunge walipiga meza mpaka glasi za maji zikaanguka. Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Usomaji wa Uwakilishi. Kila wilaya ingekuwa na Msomaji Mwakilishi mmoja, mtu mzima, mwenye maadili mema na mikono mikavu, ambaye angeketi maktaba na kusoma kwa niaba ya watoto wote wa wilaya yake. Na msidhani angewasomea kwa sauti huku wamemzunguka. Huo ungekuwa ushamba. Yeye angekuwa huko maktaba, wao wangekuwa makwao, na kusoma kungekuwa kumekwisha.

*

Katika Wilaya ya Mtonga kiti hicho alikipata Bwana Hizza Mnkande, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la saba miaka thelathini. Watu walisema hakuna aliyefaa kuliko yeye, na yeye mwenyewe, tusifichane, alisema hivyo hivyo. Alipewa kiti cha kuzunguka, mto wa kukalia, chupa ya chai na beji kubwa ya kifuani iliyoandikwa MACHO YA WATOTO.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvitoa vitabu mikononi mwa watoto kabla sheria haijaanza saa sita kamili. Alipita akipokonya kimoja kimoja, kwa upole wa mwalimu. Nyuma ya kabati la mwisho alimkuta Mboni, msichana wa miaka kumi na miwili, ameketi sakafuni akimsomea mdogo wake Zaina, ambaye alikuwa amekaza macho na kusahau kufunga mdomo. Bwana Hizza alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nakuomba nimalize ukurasa huu tu," Mboni alisema.

"Utamaliziwa," alisema Bwana Hizza, akakichukua.

Aliliona jibu hilo zuri sana siku hiyo. Hata jioni alimsimulia mke wake.

Baada ya hapo kila kitabu kilitiwa kwenye mfuko wa nailoni na kupigwa lakiri nyekundu ya serikali, kisichafuke. Anayetaka kukifungua alipaswa kuwa na Kibali cha Kufungua kutoka makao makuu. Bwana Hizza, ambaye bado alikuwa na ualimu mwilini, aliomba kibali cha kitabu kimoja ili aanze kazi. Baada ya miezi minne alijibiwa kwa barua yenye kurasa tatu: aeleze ni kwa nini kitabu hicho kifunguliwe ilhali taarifa zinaonyesha kimeshasomwa.

Alimpelekea barua hiyo Bwana Matimbwa, Afisa Uratibu wa Usomaji, kijana wa suti aliyekuwa akija kila wiki kuchukua taarifa na kunywa ile chai.

"Mwalimu, unatuangusha," Matimbwa alimwambia. "Mwenzako wa wilaya ya jirani anasoma kabati zima kabla ya saa nne. Wewe umekwama wapi?"

"Nimekwama kwenye lakiri."

"Kwani mgongo wa kitabu huuoni? Mgongo una jina. Jina ndilo muhtasari wa kitabu. Unasoma muhtasari, unaweka sahihi, unahamia kabati linalofuata. Wenzako wote wanasoma migongo, mwalimu. Au wewe ndiye msomi kuliko nchi nzima?"

Bwana Hizza hakutaka kuwa msomi kuliko nchi nzima. Alisogeza kiti chake mbele ya kabati la kwanza, akainamisha shingo upande kama kuku anayesikiliza, akasoma. Kufikia mwisho wa juma alikuwa amemaliza maktaba.

"Leo umesoma nini?" mke wake alimuuliza mezani.

"Vitabu mia tatu."

"Vinasemaje?"

Bwana Hizza akaomba maji ya kunywa.

*

Sheria hiyo, ingawa watu wabaya waliisema vibaya, ilikuwa ya kidemokrasia. Ilitoa Dirisha la Mrejesho. Kila Alhamisi alasiri mtoto yeyote aliruhusiwa kufika dirishani, akiwa amenawa, na kumuuliza mwakilishi wake kuhusu vitabu alivyosomewa. Katika wilaya nyingine hakuna mtoto aliyefika, kwa hiyo demokrasia ikaenda vizuri. Mtonga walifika wawili, Mboni na Zaina, wameshikana mikono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Haya, wananchi wadogo, semeni."

"Tumekuja kuulizia kile kitabu cha mafuriko," alisema Mboni. "Yule mdogo mtu alibaki juu ya paa, maji yanapanda. Dada yake akamwambia, usishuke mpaka nirudi, akaenda kutafuta mtumbwi. Hapo ndipo ulipokichukua."

Zaina alijiinua kwa ncha za vidole mpaka pua yake ikafika kwenye ukingo wa dirisha.

"Alirudi?" aliuliza.

Bwana Hizza aliwajua watoto hao. Walikaa na bibi yao nyuma ya soko. Dada yao mkubwa, Tunda, alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, msichana mwenye mwandiko mzuri, aliyekwenda ng'ambo miaka miwili iliyopita kufanya kazi za ndani. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Mwaka wa pili simu yake haikupatikana. Mtonga nzima ilijua hivyo, na Bwana Hizza alijua kuliko wengi, maana ndiye aliyemwandikia Tunda barua ya kumpendekeza.

Angeweza kusema, "Sijui." Ni neno fupi. Kwa miaka thelathini alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hakuna aibu katika kulisema. Lakini beji ilikuwa kifuani, na nyuma yake Afisa Uratibu alikuwa akimimina chai na kusikiliza.

"Alirudi," alisema Bwana Hizza.

"Na mtumbwi?"

"Na mtumbwi. Na zawadi pia. Sukari, na vitenge."

Zaina alicheka kwa furaha. Mboni hakucheka, alisogea karibu zaidi, akashusha sauti.

"Alikaa siku ngapi huko?"

"Siku tatu tu."

"Alirudi mzima?"

"Mzima kabisa." Bwana Hizza alihisi masikio yakimwaka moto, lakini ulimi ulikuwa umeshashika njia. "Tena alikuwa amenenepa kidogo."

Watoto walimshukuru, wakaenda zao wakikimbia, wakampelekee bibi habari. Bwana Matimbwa alimpiga mwalimu begani na kuandika kwenye daftari lake: Mrejesho ni chanya. Jioni hiyo Bwana Hizza alisukuma sahani ya ugali akasema amevimbiwa.

*

Alhamisi iliyofuata walikuja kumi na wanne. Iliyofuata tena, foleni ilifika barabarani. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Mtonga kuna mwakilishi anayejibu. Kila mtoto alikuwa na kitabu kilichokatizwa katikati siku ile ya saa sita, na kila mmoja alitaka kujua. Je, yule mbwa aliponywa? Je, yule msichana alimwambia mama yake nani aliiba mtihani? Mamba naye aliishia wapi?

Bwana Hizza alijibu wote. Hakuwa mtunzi, maskini, na miisho aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa michache sana. Aliyepotea alipatikana. Mgonjwa alipona. Mtoto aliyewasikiliza wakubwa alipelekwa shule ya bweni, na mwishowe watu wote wakakusanyika wakala pilau. Mamba alitubu, naye akala. Mvulana mmoja aliulizia kitabu cha mazoezi ya hisabati. Bwana Hizza, aliyekuwa amechoka na hakusikia vizuri, akamwambia kwamba baada ya taabu nyingi walipatana wakala pilau.

Mboni alikuja kila Alhamisi. Alisimama pembeni ya foleni akisikiliza majibu ya wenzake, na Bwana Hizza akaanza kumkwepa kwa macho, kwa sababu msichana huyo alikuwa akisikiliza vile yeye alivyomfundisha dada yake kusikiliza.

Polepole foleni ikapungua. Wakawa ishirini, wakawa watano. Alhamisi moja alifika Mboni peke yake.

"Shikamoo mwalimu. Kile cha yatima aliyekimbilia mjini, usiniambie. Walikula pilau."

Bwana Hizza alirekebisha beji yake.

"Na kile cha yule babu kipofu na redio. Pilau?"

"Naam," alisema Bwana Hizza, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mimi nilidhani vitabu ni vingi," alisema Mboni. "Kumbe ni kimoja tu, wanakiandika majina tofauti." Hakusema kwa kiburi wala kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba sokoni leo hakuna dagaa. "Nimekuja kuaga. Bibi amesema si adabu mtu kuacha kuja bila kuaga. Zaina bado anahesabu siku tatu, zikiisha anaanza tena. Nimemwambia aache."

Alipiga goti kidogo, akaondoka. Bwana Hizza alitaka kumwita. Alifungua mdomo, na jina likafika mpaka kwenye meno. Kisha akakumbuka kwamba akimwita atalazimika kumwambia kitu, na kitu pekee alichokuwa nacho kilikuwa kinamtia haya. Akalifunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

*

Miezi mitatu ilipita bila swali hata moja kutoka Mtonga. Makao makuu walizipitia taarifa wakastaajabu. Wilaya iliyokuwa ikiuliza kuliko zote sasa ilikuwa kimya kabisa. Wataalamu walikaa siku mbili hotelini wakalitafakari jambo hilo, wakatoka na tamko: watoto wa Mtonga wamesomewa mpaka kiu ya kusoma imewaisha. Hayakuwahi kupatikana mafanikio kama hayo. Waziri mwenyewe akasema atakuja kumvisha Bwana Hizza medali.

Siku ya sherehe uwanja wa maktaba ulifagiliwa mpaka udongo ukabadilika rangi. Watoto walipangwa juani kwa urefu, wamevalishwa glavu nyeupe, endapo kitabu kingepita karibu. Mbele ya jukwaa kulikuwa na meza yenye kitambaa cha bendera, na juu yake kitabu kimoja ndani ya nailoni na lakiri yake, Kitabu Kilichosomwa Vizuri Zaidi. Bwana Matimbwa ndiye aliyekichagua, kwa kuangalia ni kipi kilikuwa cha kwanza kuuliziwa dirishani. Bwana Hizza alikisoma mgongo kutoka kwenye kiti chake akauma mdomo. Kilikuwa kile cha mafuriko.

Waziri alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema taifa lisilosoma ni taifa lililolala, kisha akasubiri walioko jukwaani waamshwe wapige makofi. Alimvisha Bwana Hizza medali nzito ya shaba yenye umbo la jicho. Halafu Matimbwa akatangaza kwamba mtoto mmoja atatoa shukrani kwa niaba ya wote, na kwa kuwa daftari lilionyesha nani alifika dirishani mara nyingi zaidi, aliitwa Mboni.

Alikuwa ameandikiwa, naye akakariri bila kukosea. "Sisi watoto wa Mtonga tunaishukuru serikali yetu kwa kuwa hatuna swali."

Alisema hivyo akiangalia juu ya kichwa cha Bwana Hizza. Mwalimu huyo alikuwa amepitia mengi maishani. Aliwahi kuzomewa na wazazi, aliwahi kuanguka na baiskeli mbele ya shule nzima. Hakuwa amewahi kuona aibu kama ile. Alipoombwa aseme maneno mawili ya shukrani alisimama bila kujua miguu imemwinuaje.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "mimi sijasoma."

Makofi yalilipuka.

"Unyenyekevu huo!" alitangaza Matimbwa kwenye kipaza sauti.

"Sijasoma hata kitabu kimoja," alisema Bwana Hizza kwa nguvu zaidi. "Niliwadanganya watoto hawa. Kila nilichowaambia nilikitunga."

"Mnaona, ndugu wananchi?" Waziri aliinuka kwenye kiti chake, machozi yakimlengalenga. "Mtu amemaliza maktaba nzima na bado anajiona hajasoma kitu! Huyo ndiye msomi wa kweli. Mpigieni tena!"

Wakampigia tena. Bendi ikaingiza tarumbeta. Bwana Hizza alisimama katikati ya kelele hizo akaelewa kwamba hata angelia, hata angejigaragaza, wangempa medali ya pili. Basi akashuka jukwaani, akaenda mezani, akakishika kile kitabu. Lakiri ilikatika kwa mlio mdogo, lakini ulisikika uwanja mzima, na bendi ikanyamaza. Alichana nailoni kwa meno. Akaenda mpaka mbele ya Mboni.

"Sijui kama alirudi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Siku ile uliponiuliza sikujua, na leo sijui."

Mboni hakukipokea kwanza.

"Na vile vitenge?"

"Nilitunga."

"Na kunenepa?"

 Bwana Hizza akatikisa kichwa kukana.

Msichana alivua glavu, moja, kisha nyingine, akakipokea kitabu, akaketi chini pale pale kwenye udongo uliofagiliwa. Zaina alichomoka kwenye mstari wa wafupi akaja kuchuchumaa ubavuni pake. Mboni akafunua, akatafuta, akapata mahali pake, akaanza kusoma kwa kunong'ona.

Kamanda wa polisi alikimbilia nakala ya sheria. Ilikuwa na adhabu ya kufungua kitabu bila kibali, na hiyo ilimhusu mwalimu, ambaye muda huo alikuwa amevaa medali ya Waziri na hakamatiki. Kuhusu mtoto kusoma, haikusema lolote. Walioiandika hawakufikiri kwamba jambo hilo lingewezekana. Badala yake alikuta kifungu cha tisa kinachokataza mtu yeyote, wa cheo chochote, kupiga kelele usomaji unapoendelea katika eneo la maktaba. Alimwonyesha Waziri kwa kidole. Waziri, ambaye ndiye aliyekitia sahihi, akaketi akanyamaza.

Bwana Matimbwa tu ndiye ambaye hakupoteza akili. Alisogeza kipaza sauti mdomoni na kunong'ona, "Mabibi na mabwana, mnachokiona ni igizo fupi. Linaonyesha jinsi watoto wetu walivyokuwa wakiteseka zamani, kabla ya sheria." Watu wakashusha pumzi. Wafadhili waliokuwa jukwaani wakatoa simu kupiga picha. Mama mmoja alifuta machozi kwa kuihurumia zamani hiyo.

Kurasa ziligeuka moja baada ya nyingine. Bwana Hizza alisimama hatua mbili tu kutoka kwa watoto, jicho la shaba likimning'inia kifuani, na hakusikia neno hata moja. Aliona Zaina akimkamata dada yake mkono. Aliona Mboni akikatiza kusoma, kisha akiendelea. Alitamani sana kuinama na kuchungulia juu ya bega lake, na hakuthubutu. Jua lilikuwa limefika utosini wakati Mboni alipokifunga kitabu. Wote wawili walibaki wameketi, wameinamisha vichwa, na kwa kuwaangalia mtu asingeweza kujua kama walichokipata mle ni cha kulia au cha kufurahia.

Bwana Hizza alishindwa kuvumilia. Aliinama, medali ikamgonga kidevu.

"Mboni," alinong'ona. "Alirudi?"

Msichana aliinuka, akakung'uta sketi yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili, kama wakubwa wanavyokabidhiwa vitu.

"Kasome mwenyewe, mwalimu," alisema.

Akamshika mdogo wake mkono wakaondoka, na watu wote wakapiga makofi, wakidhani igizo limekwisha.